Mama Hakufa Tarehe 22

Mabibo, Dar es Salaam
14/01/2023

Kaka Kornelio,

Shikamoo. Habari za Songea? Wifi na watoto hawajambo? Sie huku wazima, ila mie nina hasira, na kwa kuwa simu zangu hupokei, barua hii naituma kwa basi.

Jana nilipita Sinza kwa fundi kuangalia kibao cha kaburi la mama. Marumaru nzuri, jina limekaa vizuri. Halafu nikasoma: AMEFARIKI 22/02/2022. Nikamwambia fundi amekosea. Akanionyesha karatasi yenye mwandiko wako. "Sista, braza mwenyewe kasisitiza. Anasema tarehe hiyo ukiisoma kwa mbele, ukiisoma kwa nyuma, ni ile ile."

Kaka, mama alifariki tarehe 21, saa moja jioni, nimemshika mkono. Najua wewe ni mwalimu wa hesabu na tarehe za namna hiyo unazipenda. Ile ya 12/02/2021 ulitupigia simu nyumba nzima. Lakini kaburi si ubao wa darasani. Siku ya mama huwezi kuisogeza ili ipendeze. Misa ya mwaka ni tarehe 21 mwezi ujao. Mwambie fundi arekebishe.

Mdogo wako,
Eufrazia

*

Songea
25/01/2023

Mdogo wangu Eufrazia,

Marahaba. Hatujambo, wifi yako anakusalimu.

Sirekebishi.

Unasema siku ya mama haisogezwi. Nani aliisogeza kwanza? Alfajiri ya tarehe 22 ulinipigia: "Mama anakuulizia, njoo." Nikapanda basi na magimbi yake. Tulipofika Iringa nikakupigia, ukasema amelala. Jirani yangu kwenye kiti aliniuliza naenda wapi, nikamwambia nakwenda kumwona mama. Kutwa nzima nilikuwa napanga la kumwambia. Nilijua nilipoona turubai mlangoni kwako na wanawake wamekaa mkekani.

Najua ni desturi, msafiri haambiwi msiba njiani. Lakini mimi ni mtu wa miaka hamsini. Ulinidanganya, na imeniuma. Kwangu mama alikuwa hai mpaka jioni ile. Na hiyo tarehe nimeigeuza mwaka mzima sasa: nikianzia mbele nimechelewa, nikianzia nyuma nimechelewa.

Kaka yako,
Kornelio

*

Mabibo, Dar es Salaam
15/02/2023

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Hapa tunaendelea vizuri.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilinikasirisha, na nilipoirudia ikanikasirisha zaidi, kwa kuwa ni kweli. Wazee ndio walionikataza kukwambia. Lakini lile neno "amelala" hakuna aliyenifundisha, nililitoa mwenyewe. Nisamehe kaka yangu.

Hata hivyo tarehe 21 inabaki 21. Hapo sikupunguzii hata saa moja. Nimemwambia fundi akigeuze kibao, achonge upya upande wa pili. Chini palibaki nafasi, nikamwandikia cha kujaza. Aliniuliza mara mbili kama sijachanganyikiwa. Sasa kinasomeka hivi:

AMEFARIKI 21/02/2022
KORNELIO AMEFIKA 22/02/2022

Misa ni Jumanne. Njoo na magimbi. Yale ya mwaka jana yalikaa jikoni mpaka tukaanua matanga, hakuna aliyethubutu kuyapika.

Mdogo wako,
Eufrazia