Jogoo wa Fundi Musau

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kavata ameanza kazi leo. Si kazi, ni mafunzo. Ati kiwanda cha pampu za maji, kile cha nje ya mji wa Machakos, kimechukua vijana kumi na wawili kiwafundishe mwaka mzima. Na kinawalipa wakijifunza! Nauli, chakula cha mchana, overoli. Nikamuuliza ni mjinga gani anayelipa mwanafunzi. Akasema, Susu, ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, kiwanda kimechoka kuleta mafundi kutoka Nairobi. Wanakaa miezi miwili, wanatoroka. Afadhali wafundishe watu wa hapa.

Hiyo ni akili. Imechelewa, lakini ni akili.

Tangu amalize shule, fomu foo, mtoto huyu amekaa tu hapa Kathiani, ananichotea maji. Mjukuu anayebeba jina langu, na mimi sikuzaliwa nikae. Akikosa hii sijui ingine itatoka wapi.

Magoti yanauma. Nalala.

Jumatano, 5 Februari

Leo kikundi chetu cha mwethya, cha kusaidiana kazi, tulikuwa kwa Mbithe, kumchimbia matuta ya shamba. Vumbi. Jua. Wanawake wa siku hizi wanachimba kama wanaokuna mgongo wa mtoto. Nikawaambia. Hawakupenda.

Tukipumzika Mbithe akauliza Kavata anafundishwa na nani. Nikasema Musau, fundi mkuu wa kuchomelea vyuma. Ni mtu wa kwetu? Ni wa kwetu. Na umempelekea nini? Nikasema, kitu gani? Mbithe akasema, kumbe ulimtupa mtoto pale kama gunia la mahindi.

Ni kweli. Marehemu mzee wangu alipopelekwa kujifunza kuchonga, baba yake alitangulia na jogoo. Jogoo anamfungua fundi mikono, asimfiche mtoto kazi. Mkono mtupu haulambwi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepeleka. Yule mwekundu mwenye kelele. Soja wa geti akaniuliza, mama, huyu naye anatafuta kazi? Nikamwambia akipata, wewe utaenda nyumbani, maana yeye huamka mapema. Akacheka, akamwita Musau.

Musau ni mtu mzima, mikono imejaa alama za moto. Kuona jogoo akavua kofia. Akapokea kwa mikono miwili, akasema, mama, sasa huyu mtoto ni wangu. Aliyelelewa anajulikana.

Kavata sijamwambia. Ni mambo ya wakubwa.

Jumatatu, 10 Februari

Musau amechagua vijana wanne wa kuchomelea. Wale wengine wanapanga maboksi kwanza, zamu yao baadaye. Kila mtu alitaka kuchomelea. Kavata yumo kati ya wanne. Amekuja na alama ya moto kwenye kiganja, ananionyesha kama pete. Nikamwambia anawe ale.

Nimefurahi. Sikumwonyesha.

Jumatano, 12 Februari

Kavata amerudi saa saba mchana. Nikajua kuna maneno. Hakuna anayetoka kazini saa saba.

Kijana mmoja ambaye hakuchaguliwa amesema ofisini kwamba Kavata alichaguliwa kwa sababu ya jogoo. Soja akaulizwa, akakubali alimwona jogoo. Kuna mama wa ofisi anaitwa Waruguru, ndiye anayesimamia hawa wanafunzi. Akasema hiyo ni hongo. Kwamba kila mzazi alisomewa sheria: fundi asipewe chochote. Mimi sikusomewa. Siku hiyo nilikuwa kwa kliniki ya magoti, Kavata akaenda peke yake.

Basi Kavata asimame kazi, na Musau asimame, mpaka Ijumaa tuitwe ofisini sote.

Hongo! Hongo inapitishwa chini ya meza. Mimi nilipita na jogoo getini akiwika.

Kavata hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, Susu, ungeniuliza. Nikamwambia tangu lini nyanya anaomba ruhusa. Akaingia ndani. Ugali wake umepoa hapa mezani.

Alhamisi, 13 Februari

Sikulala vizuri. Mbithe amekuja kunifariji. Ati nishukuru haikuwa mbuzi, ningekuwa nimefungwa. Nikamwambia yeye ndiye aliyeanza. Akaenda haraka.

Kavata amechota maji bila kutumwa. Ameacha ndoo mlangoni.

Ijumaa, 14 Februari

Naandika hapa ofisini kwao, kwa benchi. Wakubwa wa kiwanda wametoka kidogo.

Kabla hatujaingia Waruguru alinivuta kando. Si mtu mbaya, ana macho ya kuchoka kama yangu. Akasema polepole, shosho, yaani nyanya kwa kwao, kama ni Musau aliitisha jogoo, sema tu. Kosa litakuwa lake, msichana wako atarudi kazini leo. Nikamwambia hakuitisha. Akasema, fikiria, shosho. Nikamwambia nimefika umri huu nikifikiria. Hakuitisha.

Basi tukaingia. Meneja ni kijana, shati jeupe, lakini alisimama kunisalimia. Nikamweleza vizuri. Jogoo ni heshima. Sikuambiwa na mtu. Mtoto hakujua. Musau akipatwa na shida kwa sababu ya adabu yake, hiyo ni aibu ya kiwanda. Nilisema yote. Nikamwona anakubali kwa kichwa.

Halafu akaniuliza jambo moja, kwa upole. Mama, ulimpelekea ili amfundishe Kavata zaidi kuliko wale kumi na mmoja?

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu kilichotoka. Mimi!

Akasema nisiharakishe. Wakatoka, yeye na Waruguru, wanaongea na mwenye kiwanda kwa simu. Wakirudi wanataka jibu.

Musau ameketi mkabala na mimi, kofia mapajani, hanitazami. Ana watoto wa kusomesha, nasikia. Kavata ameshika mfuko wenye overoli yake, ameifua na kuipiga pasi, kama ya kurudisha. Amenisogelea sasa hivi, mara ya kwanza tangu Jumatano. Ananong'ona, Susu, sema hapana. Neno moja tu.

Neno moja. Lakini jogoo hupelekwa kwa nini, kama si kwa hilo?

Nasikia viatu vyao vinarudi.