Novena ya Dodoma

Jumamosi. Hapa Chanji leo kuna upepo wa kubeba nguo kambani, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Nimejifungia chumbani, nimewaambia kichwa kinauma. Hakiumi.

Kesho saa sita mchana dirisha la kuthibitisha chuo linafungwa. Nimechaguliwa viwili, vyote vikubwa, vyote vya serikali: Dodoma, ualimu wa hisabati, Dar, uhandisi wa ujenzi. Namba ya kuthibitishia ninayo kwenye simu tangu Jumatatu. Ukishaiingiza upande mmoja, basi tena.

Wako wanaolia hawajapata hata kimoja, najua. Sijidai. Lakini jamani nimebanwa, nimebanwa mpaka kupumua shida.

Yote yalianza nilipotuma maombi. Mama akawaomba wanajumuiya tusali novena, siku tisa mfululizo, nyumbani kwetu. Na mama yangu hasali kwa mafumbo. Nia aliitaja wazi: binti yetu apate Dodoma. Kwa sababu shangazi yuko kule, na kwa sababu mwalimu anaweza kuomba apangiwe Rukwa, akarudi nyumbani. Mimi ndiye kitinda mimba. Kaka zangu wawili walishaondoka, na siku hizi wanapiga simu Krismasi tu. Mama anaona mimi ndiye niliyebaki.

Sasa niungame hapa, maana kwa padri sijathubutu. Siku zote tisa, wenzangu wakitaja Dodoma, mimi nilitaja Dar. Chinichini, midomo tu.

Bibi yangu anakaa Mtowisa, kule bondeni. Mvua zikikolea barabara inakatika, na kuna mwaka tulikaa wiki mbili hatujui kama yu mzima. Tangu hapo nataka kujenga barabara. Kufundisha ni kazi nzuri, ila si yangu.

Leo asubuhi ikawa ibada ya shukrani. Watu wamejaa mpaka uani. Mwenyekiti wa jumuiya akaniita nitoe ushuhuda. Nikasimama, "Tumsifu Yesu Kristu," wakaitikia "Milele amina," nami nikamshukuru Mungu kwa Dodoma. Vigelegele! Mama akalia kwa furaha, akanifunga kitenge kipya mbele ya watu wote.

Muongo mkubwa mimi.

Watu walipotawanyika, mimi na baba tukabeba mabenchi kuyarudisha kwa jirani. Baba si mtu wa maneno. Katikati ya njia akatua upande wake wa benchi, nikadhani amechoka.

"Kwenye novena nilikuwa nakaa pembeni yako," akasema. "Hukutaja Dodoma hata siku moja."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamsihi: baba, basi mwambie wewe, wewe atakusikiliza.

"Mimi? Thubutu! Mama yako utamwambia mwenyewe. Na iwe leo. Siyo uthibitishe huko kwenye simu, halafu yeye asikie kwa watu."

Akanyanyua benchi, tukaendelea na safari kama vile hakuna kilichosemwa.

Kusema kweli nimemkasirikia. Afadhali angenikataza. Ningepata wa kumlaumu, ningekwenda Dodoma nimenuna miaka yote mitatu, nikimhesabia kila mtu kosa lake. Sasa hivi wa kumlaumu sina. Aliyesimama kutoa ushuhuda ni mimi, kwa mdomo wangu, hakuna aliyenishikia fimbo.

Mama yuko jikoni anakoroga uji wa ulezi, anaimba. Nimeshaamua: ni Dar. Nitaingia, nitapiga magoti, nitamwambia mama mimi Dodoma sikuiomba. Akilia nitalia naye, lakini namba naiingiza Dar. Nanyanyuka sasa hivi.

Hayo ya juu nimeyaandika nusu saa iliyopita. Mama bado anaimba, na mimi bado nimekaa kitandani.