Soprano ya Radini

Jumatatu, 6 Agosti

Nimerithi kwaya. Sikuomba! Mjomba Laisiasa, aliyekuwa akiiongoza, kapelekwa mjini Suva kufanyiwa upasuaji wa macho, na jana baada ya ibada wazee wote wakanigeukia. Wakasema: mwalimu wa shule, anajua noti, basi. Mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Mazoezi ya kwanza leo. Besi walikuja moja kwa moja kutoka kwenye bakuli la yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, ndimi zimekufa ganzi, macho kama ya samaki wa juzi. Tulianza wimbo kwenye noti ya G. Tukamaliza chini, kwenye E. Hatukuimba — tulizama.

Nikamwambia binamu Semesa, kiongozi wa besi, kwamba wanaburuta. Akasema besi haiburuti, besi ni nanga. Akaongeza kwa sauti kuwa nimeamua kuolewa na kile kijiti cha kuongozea, maana waume wamenikimbia. Kanisa zima kicheko. Nikamjibu kwamba kijiti angalau kinafuata mdundo.

Jumatano, 8 Agosti

Nimepiga marufuku yaqona kabla ya mazoezi. Besi wamenuna lakini wako macho. Na sasa kwa kuwa wameacha kunguruma, nimesikia tatizo lenyewe.

Ni Radini, ndivyo tunavyomwita mke wa mchungaji. Anasimama katikati ya safu ya mbele, soprano, na solo ni yake tangu walipohamia hapa. Ikifika ile noti ya juu, kidevu kinapanda, mabega yanafika masikioni, na kinachotoka — Mungu nisamehe — ni mlango wa banda uliokosa mafuta. Noti inaanguka, na wenzake wanaanguka naye kwa adabu.

Nimemwambia mama. Mama akacheka mpaka akaweka chini kisu cha mihogo. Unadhani mjomba wako kaenda kupumzisha macho? akasema. Kaenda kupumzisha masikio!

Alhamisi, 9 Agosti

Nimejaribu ujanja. Wote walale chali kwenye mikeka, kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, pumzi ikiingia kitabu kinyanyuke. Wanaume wawili wa sauti ya teno walisinzia. Kitabu cha Semesa kiliviringika hadi mlangoni.

Halafu nikasema wavume midomo imefumbwa, sauti ishuke polepole. Hapo ndipo nilipoisikia. Sauti nzito, laini, kama tui la nazi likimiminwa juu ya gimbi la moto. Nikanyanyuka kuangalia ni nani.

Radini! Amelala na gauni lake la heshima, macho amefumba, mabega yametulia. Huyu si soprano. Huyu ni alto, sauti ya chini ya wanawake! Miaka yote hii anapanda ngazi isiyo yake.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimeharibu.

Nilitaka kumwambia kwa upole. Mdomo ukateleza, mbele ya watu: "Radini, nadhani nafasi yako ni nyuma."

Nilimaanisha safu ya alto! Alifunga kipepeo chake cha kujipepea, akatoka. Soprano wote wakafunga vipepeo vyao, wakatoka. Kisha alto. Kisha wa teno, maana wake zao wametoka. Nikabaki na besi.

"Haya, binamu," akasema Semesa. "Leo hakuna wa kulalamika kwamba tunamfunika."

Jumatatu, 13 Agosti

Kuomba radhi. Mama kaazima jino la nyangumi, zawadi yetu ya kuombea msamaha, kwa sababu kwa mke wa mchungaji huendi mikono mitupu. Wala husemi mwenyewe, unasemewa. Na mwanamume pekee wa kwetu ambaye hakuwa shambani ni nani? Semesa.

Alikaa, akalishika jino kwa mikono miwili, akaanza. Sikumjua! Akataja nchi, bahari, mababu. Nikainamisha kichwa, machozi yakanitoka kweli. Naye akazidi kupata moto, hadi nikasikia: "Na ili ujue anakuheshimu, Radini, solo utaimba wewe! Si mstari mmoja — wimbo mzima, peke yako, mbele ya majaji!"

Makofi. Jino likapokewa.

Nje nikamuuliza kwa nini. Akasema maneno yalikuwa yanakwenda vizuri mno, angekatizaje?

Jumatano, 15 Agosti

Nimekwenda kwa Radini peke yangu. Alikuwa jikoni, juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakunitazama.

"Ulisema nyuma."

"Nilitaka kusema chini, Radini. Sauti yako iko chini. Huko juu unaiita, haiji."

Nikamwomba avume tu, huku anakuna. Nikampa E. Akavuma. Halafu akafungua mdomo. Mkono ukasimama. Mbwa mlangoni akainua kichwa. Aliimba ubeti wote, kisha akaurudia bila kuombwa, na mimi nikashindwa kumwangalia.

Akasema mama yake alikuwa soprano, na mama mkwe pia. "Mke wa mchungaji husimama mbele, mwanangu. Nikishuka, nani atasema ni sauti? Watasema nimeshushwa."

Nikamkunia nazi iliyobaki.

Ijumaa, 17 Agosti

Tumefanya mazoezi mara mbili, kwenye G na kwenye E. Semesa anasema kwenye E itabidi aimbie chini ya sakafu. Nikamkumbusha kwamba E ndiko wanakotufikisha siku zote. Leo tutaanzia huko, tuokoe muda.

Kwenye G, mlango wa banda. Kwenye E, watu walisahau kuingia kwenye kiitikio.

Radini hakusema anataka ipi.

Jumamosi, 18 Agosti

Naandika kwenye benchi nyuma ya jukwaa. Kwaya iliyo mbele yetu ni nzuri, inaudhi. Sisi ndio tunafuata.

Nimemuuliza tena. "Tukipanga mstari utaona," akasema.

Wanapanga mstari. Soprano wameacha nafasi yake katikati, kama kawaida. Lakini alto nao wamesogea, wameacha nafasi. Hakuna aliyewaambia! Semesa kanishikia mkoba bila hata neno la utani.

Radini kasimama kati ya safu mbili, kipepeo kimefungwa. Anatazama mbele. Anatazama nyuma. Mabega yameanza kupanda — hapana, yameshuka. Yanapanda tena.

Wanatuita. Filimbi ya noti iko mdomoni na sijui nipulize ipi, G ya mbele au E ya nyuma. Radini, tafadhali, hatua moja, mbele au nyuma —