Orodha ya Watoto na Diski Isiyoonekana

POLISI MPANDA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Emelyne Nizigama. Umri: miaka 27. Kazi: karani wa kompyuta, shirika la misaada. Makazi: Makanyagio.

Mimi ni mkimbizi kutoka Burundi, naishi mjini kwa kibali. Sikuitwa hapa, nimekuja mwenyewe.

Mnamo tarehe 14/06/1997, Jumamosi, saa 4:00 asubuhi, nilifungua kompyuta ya ofisi kupangusa vumbi. Ina diski mbili. Moja ina Windows. Nyingine ina Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ambao huhifadhi mafaili kwa namna yake, na humo ndimo ilimo orodha ya watoto 214 waliopotezana na wazazi wao. Wakati wa kurudisha nyaya za diski nilizipishanisha bila kujua, diski ya kwanza ikawa ya pili. Sikuiwasha kujaribu.

Jumatatu tarehe 16/06, saa 2:00 asubuhi, mkuu wetu, Mzee Fortunatus, aliiwasha. Ikaandika herufi mbili, LI, ikasimama. Akatumia disketi ya DOS, mfumo wa zamani wa kompyuta, ikaonekana diski moja tu, ile ya Windows. Akasema orodha imefutwa, na lori la kuwapeleka watoto kwa mama zao linaondoka Alhamisi. Jumapili aliyekuwa na ufunguo wa ofisi ni mlinzi wetu, Gervais Ntirampeba. Saa 5:00 polisi walimchukua.

Gervais aliniangalia, akasema, "Dada, waambie mimi hata kuiwasha sijui."

Sikusema kwamba niliifungua Jumamosi. Niliogopa kunyang'anywa kibali, turudishwe kambini mimi na mama yangu.

Leo tarehe 17/06, saa 3:00 asubuhi, nilimwomba mzee nijaribu. Nilimweleza kwamba DOS haiwezi kuiona diski ya Linux, hiyo haina maana kwamba ni tupu. Niliweka disketi ya kuwashia Linux, nikaiandikia ianzie diski ya pili kama zamani. Ikagoma. Nikakumbuka nyaya. Nikaiandikia diski ya kwanza.

Majina yakatokea. La juu kabisa: "Hajulikani, wa kike, miaka mitatu, ana kovu shavuni."

Mzee aliuliza, "Nani aliigusa?"

Nikasema ni mimi. Kisha nikaja hapa kwa miguu.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Kosa ni langu, si la Gervais.

Sahihi: E. Nizigama

Maelezo haya nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi. Nilimwambia anaweza kwenda. Alibaki kwenye benchi hadi Gervais alipotolewa mahabusu, saa 9:20 alasiri.

Koplo Adolf, mpelelezi