Neno Alilolipigia Mstari Susan

Jumapili, 2 Novemba 2025

Susan, mtumishi wetu, katoroka. Kaenda kutupa taka asubuhi, hakurudi. Mama anauliza kamkosea nini: miaka mitatu kala tulichokula, hakupigwa hata kofi. Kaka Marhoon, kafili wake, mwenye dhamana ya viza yake, anapiga simu huku na huku. Mimi nimeunguza mkate. Hata chumvi sijui inakaa wapi, na nyumba ni yetu!

Jumatatu, 3 Novemba

Ofisini kaja Mkenya mwenzake, Harrison, fundi wa AC. Kaleta maelezo ya Susan, kurasa mbili za mkono, niyatie Kiarabu na kuyapiga mhuri, yaende kwenye malalamiko ya kazi. Susan anataka aachiwe, asirudishwe kwetu. Nikamwambia Muscat nzima mfasiri si mimi peke yangu. Akasema Susan kasisitiza: apewe dada Nadra. Mkuu wangu hajui kuwa Susan alikuwa kwetu. Kiswahili ni chako, kasema, Jumatano iwe tayari.

Sijasoma yote. Jicho limekimbilia mwisho. Neno moja la Kiingereza, kalipigia mstari: cruelty.

Jumanne, 4 Novemba

Ukurasa wa kwanza tayari: kazi, saa, likizo alizonyimwa. Kisha nikarukia neno lile. Kamusi inasema asili yake Kilatini, kitu kibichi — nyama mbichi, yenye damu. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi! Kwetu hakuna aliyemwagwa damu.

Kwa Kiswahili ningesema ukatili. Lakini hilo tumelitoa kwa Waarabu, kwenye kuua. Nani kauawa? Kwa Kiarabu ipo qaswa, ugumu wa moyo. Ipo na shidda, ukali tu, kama wa mwalimu. Nikiandika shidda, watasema ni ugomvi wa nyumbani, watamrudisha. Nikaandika shidda. Nikaifuta. Nikaiandika tena.

Kosa langu, nilimwambia Marhoon habari ya neno lile. Naye kamwambia Mama. Jioni Mama kanishika mkono. "Mwanangu, mie nna miaka sabini na mbili. Utanipeleka mahakamani? Neno moja tu, Nadra. Lilainishe."

Kisha kaenda kufunga mlango wa mbele. Niliposikia kitasa, nilishtuka mwili mzima.

Jumatano, 5 Novemba

Ukurasa wa pili. Nilikuwa nauogopa, na kumbe nilikuwa na haki.

Anaeleza safari zetu za Qurayyat. Tukienda kulala huko tulimfungia ndani, friji imejaa chakula. Kwa usalama wake, tulikuwa tunasema. Mwezi wa nane umeme ukakatika mchana, joto lile la Muscat, madirisha yote yana vyuma. Simu yake iko kwa Mama. Akamwaga maji sakafuni, akalala juu yake mpaka tuliporudi kesho yake.

Naikumbuka sakafu ile. Mama alimgombeza kwa ajili ya maji. Mimi nilivua viatu nikapita, nguo isilowe.

Halafu hivi, nanakili: "Ufunguo ulikuwa na dada Nadra. Nilimwambia, dada, usifunge, naogopa. Akasema tunarudi kesho. Akafunga, akaenda. Kisha akarudi kucheki kama mlango umefunga kweli. Hiyo ndiyo cruelty."

Kweli. Nilirudi. Nilitikisa kitasa mara mbili.

Si Mama. Si Marhoon. Siku mbili nzima napekua makamusi kumtetea Mama, na neno lenyewe ni langu. Alinitaka mimi nilitafsiri kwa sababu nilikuwapo. Natamani angenitukana.

Saa saba kasoro. Harrison kakaa nje, kofia mapajani. Mkuu kasimama mlangoni, anauliza kimebaki nini. Neno moja, nimesema. Simu inaita — Mama. Inakatika, inaita tena. Ufunguo ule bado umo mkobani mwangu, pamoja na mhuri. Mhuri nimeutoa. Naandika hapa kwa sababu pale, kwenye karatasi, kati ya qaswa na shidda, mkono hauendi.

Mkuu anauliza tena.