Taa Nane Zilisema Mhola

Geita,
Jumapili

Kwako dada Martina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itawakuta salama hapo Isaka, wewe, shemeji Boaz, na Nyamizi, ambaye nasikia kikohozi chake kimepungua. Huku mvua imechungulia tu ikaondoka, na vumbi la malori ya mawe linaingia mpaka kwenye chai. Mimi ni mzima na kazi inaendelea vizuri.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ninayo. Nimekupigia kwa nia ya kusema, lakini ukiniuliza habari za huku, mdomo wangu unajibu nzuri, na nikishajibu hivyo siwezi tena kuendelea. Karatasi haiulizi.

Ni juu ya shemeji na kazi yake hapa maabara. Najua alivyokueleza, na najua hukumwamini. Uliniambia mwanaume akifukuzwa kazi kwa uongo wake, uongo huo anaurudisha nyumbani, na kwamba siku hizi unampakulia chakula bila kumsemesha. Tangu uniambie hivyo, na mimi chakula hakishuki.

Wachimbaji wanatuletea mawe tuyapime yana dhahabu kiasi gani. Majibu yanatoka chumba cha mizani kwenda kompyuta ya ofisini kwa waya uliopita ndani ya ukuta, uliofungwa kabla yetu. Mtandao ukawa unakatikakatika. Majibu yakachelewa mpaka mchimbaji mmoja, Adam, akatuuliza kama tumeyafukia kwenye duara, shimo la machimbo, ili tuyachimbe upya. Shemeji, kama fundi wetu, alisema waya wa ukutani ndio mbovu. Meneja, Bwana Abdulshakur, akasema yeye habomoi ukuta kwa maneno. Kwanza ipatikane testa ya kupimia waya, na mimi karani wa manunuzi nitafute itakayoenea kwenye bajeti yetu ndogo.

Niliporudi nayo, shemeji aliigeuzageuza mkononi akacheka. Alisema hiyo testa ni kama mgeni wa Kisukuma: hata akiwa amebeba habari ya msiba, ukimsalimu atakujibu kwanza mhola, yaani salama. Ofisi nzima ilicheka. Lakini ilipochomekwa, taa zake nane, moja kwa kila uzi ulio ndani ya waya, ziliwaka kijani kwa mpangilio mbele ya meneja. Bwana Abdulshakur akasema mhola ndiyo hiyo, waya ni mzima, na fundi anayetaka ukuta ubomolewe anatafuta ulaji tu. Shemeji alimwomba meneja aniulize mimi waliniambia nini dukani. Meneja akaniuliza, nami nikajibu kwamba hawakuniambia kitu. Siku hiyohiyo shemeji akafukuzwa kazi.

Dada, waliniambia. Zakia mwenye duka alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Alisema nyuzi zile nane zimesokotwa mbilimbili, kila uzi una mwenzake, na fundi akizichanganya jozi kwa namna moja pande zote mbili, testa ya bei ya chini itawasha kijani tupu. Inachojua ni kwamba uzi umefika. Haijui umefika na nani. Akanionyesha ya bei ya kati, yenye kioo kidogo, inayolikamata kosa hilo. Ndiyo hiyohiyo shemeji aliyokuwa amenitajia asubuhi. Na bajeti ilitosha, dada. Nilichukua ya chini kwa sababu bado niko kwenye kipindi cha majaribio, nikataka meneja aone ninavyobana matumizi. Akanisifu kweli. Shemeji, ambaye ndiye aliyeniombea kazi hapa, akakusanya koleo na bisibisi zake mbele yangu, akaniaga kwa kuniambia nisiache kula.

Jana, maabara ilipofungwa, nilimwomba Zakia aniazime ile ya kati. Nilipoichomeka, kioo kikaandika kwamba jozi zimechanganywa. Aliyekosea ni huyo aliyeufunga waya zamani. Shemeji alisema kweli toka mwanzo.

Kesho asubuhi nitaziweka testa zote mbili mezani kwa Bwana Abdulshakur na kumwambia kwamba nilidanganya. Naogopa, dada. Ndiyo maana barua hii naikabidhi stendi leo, ili hata kesho nikiamka na woga, yenyewe iwe imeshaondoka.

Nakuomba umsomee shemeji wewe mwenyewe, kwa sauti, mpaka mwisho. Sauti yangu ataisikia nikishakuja kumpigia magoti, lakini nadhani ya kwako ndiyo aliyoikosa zaidi.

Msalimie mama mkwe wako, mwambie nashukuru kwa karanga. Nyamizi mbusu kwenye shavu lenye kidoti. Hapo juu niliandika kwamba mimi ni mzima na kazi inaendelea vizuri. Sikufuta, maana ndivyo tulivyofundishwa kuanza. Ila ukinipigia kesho, tafadhali usiniulize habari. Niulize kama nimesema.

Mdogo wako,
Nelly