Mtambo Ulionguruma Gizani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kuuma na Baba bado anagombana na redio. Mimi ni mzima, ila kazi sina, na nadhani umeshasikia.

Ni kweli, kampuni yetu ya umeme imeanguka. Mkurugenzi amekamatwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, na ndivyo alivyotokea magazetini. Ule mtambo mkubwa aliowauzia watu hisa zake haujawahi kuwepo, Mama. Nyuma ya ukuta ulioandikwa HATARI kulikuwa na kiti kimoja na spika mbili kubwa kama kabati, zikitoa ngurumo iliyorekodiwa kwenye mashine ya kusaga.

Wageni walipokuja, Mkurugenzi aliwavalisha kofia ngumu, akawasimamisha mbele ya ukuta na kuwaambia wasikilize nguvu. Wengine walifumba macho kabisa. Kuingia ndani alikataza, eti joto lingewababua.

Jumanne wakaja wastaafu arobaini. Katikati ya hotuba umeme ukakatika mtaa mzima. Ukumbi ule hauna dirisha, ukawa giza totoro. Lakini spika, kwa kuwa umeme wetu hatukuuamini hata sisi, zilikuwa za betri. Mtambo ukaendelea kunguruma.

Mwalimu mmoja mstaafu akauliza taratibu, “Samahani baba, kama mtambo unafanya kazi, mbona tuko gizani?”

Mkurugenzi akajibu kwamba umeme ule ni wa kuuza nje. Yule mwalimu akawasha tochi ya simu, akasukuma mlango. Ndani akamkuta mtu kitini, swichi mbele yake.

Mama, mtu huyo ni mimi. Uinjinia niliokuandikia miaka miwili ulikuwa huo, kuwasha na kuzima. Nisamehe sana. Na kuna jingine. Amri ilikuwa taa zikizimika, nami nizime. Niliona zimezimika. Lakini mfukoni nilikuwa na barua yako, kwamba unauza shamba ununue hisa kwa sababu mwanao ndiye anayeendesha mtambo. Nikaondoa kidole kwenye swichi, nikaziacha spika zingurume makusudi.

Polisi nimewaeleza yote, nitakuwa shahidi. Mwalimu yule alinitazama weee, kisha akaniuliza kama nimekula.

Shamba usiuze. Nakuja Jumamosi. Majirani nitawaambia mwenyewe, waache wacheke.

Nisalimie Baba, na shangazi umwombe asianze kucheka kabla sijafika.

Mwanao akupendaye,
Kitinda mimba